UZI: Makaa mapya ya mawe yana nitrojeni kidogo kuliko ya zamani, mbona NOx imepanda?

ZamuYaUsiku

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba msaada wa kitaalamu, na naomba tusiingize siasa za kazini.

Niko chumba cha udhibiti cha boila linalochoma makaa ya mawe yaliyosagwa unga. Vichomeo viko ukutani, ni vile vya kutoa NOx ndogo (NOx ni oksidi za nitrojeni, NO na NO2, zinazochafua hewa), na juu yake kuna matundu ya hewa ya nyongeza. Tumebadilishiwa makaa. Cheti cha yale ya zamani kilisoma hivi: nitrojeni asilimia 1.6, tete 34, kaboni thabiti 48. Mapya: nitrojeni 1.3, tete 19, kaboni thabiti 63. Thamani ya joto haijatofautiana, yote yako kwenye megajuli 26 kwa kilo.

Kila mtu alitarajia NOx ishuke kwa kuwa nitrojeni imepungua. Imekuwa kinyume. Tulikuwa tunacheza kwenye miligramu 400 kwa mita ya ujazo, sasa tunasoma 560, mzigo ule ule, oksijeni ya kutokea (inayobaki kwenye moshi unaotoka) ile ile. Na jivu linatoka jeusi kuliko zamani. Lawama zote zimeangukia zamu, eti tunaendesha vibaya. Kuna nini kwenye makaa haya?

PimaKwanza

Pole na majukumu mkuu. Mimi naona jambo liko wazi: moto wenu umekuwa mkali mno. NOx inazaliwa na joto. Hewa mnayoingiza asilimia 78 ni nitrojeni, na mwali ukizidi joto ile nitrojeni inashikana na oksijeni. Hiyo asilimia moja na ushee ya kwenye makaa ni kitu gani mbele ya 78 ya hewani? Shusheni joto, NOx itashuka.

MtuWaMwako

Mkuu PimaKwanza, unachosema ni kweli kwa gesi asilia. Kwa makaa ya unga kinapoteza watu njia, na ZamuYaUsiku akikifuata atahangaika bure. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Nitrojeni ya hewani ni atomu mbili zilizoshikana kwa kifungo cha mara tatu. Kukivunja kunahitaji karibu kilojuli 945 kwa moli. Njia hiyo ilielezwa na Yakov Zeldovich, mwanafizikia wa Kisovieti, miaka ya 1940, na inaanza kuwa na uzito pale mwali unapopita nyuzi 1,500 za Selsiasi hivi. Kila nyuzi inayoongezeka hapo juu inaipa kasi kubwa. Ipo njia ya pili aliyoionyesha mtafiti Fenimore mwaka 1971, ambapo vipande vya hidrokaboni vinaivamia nitrojeni ya hewa mwanzoni kabisa mwa mwali. Kwenye makaa mchango wake ni mdogo, tuiache.

Njia ya tatu ndiyo ya kwetu. Nitrojeni iliyomo ndani ya makaa haijajifunga yenyewe kwa yenyewe. Imeshikwa ndani ya pete za kaboni, na vifungo vya kaboni na nitrojeni ni dhaifu kuliko kile cha mara tatu. Makaa yakipashwa moto, inatoka ikiwa tayari kuungana na chochote kilicho karibu. Haihitaji joto kali la kuivunja.

Tunajuaje kwamba hii ndiyo inayotawala? Katikati ya miaka ya 1970 watafiti Pershing na Wendt walifanya jaribio ninaloliheshimu sana. Walichoma makaa ya unga bila hewa ya kawaida: waliondoa nitrojeni yote ya hewani wakaweka argoni na kaboni dioksidi pamoja na oksijeni, wakahakikisha joto la mwali linabaki linalofanana. Kama NOx ingekuwa inatoka hewani, ingetoweka. Haikutoweka. Sehemu kubwa ilibaki pale pale. Tangu hapo makadirio yanayokubalika kwa makaa ya unga yasiyodhibitiwa ni kwamba asilimia 75 hadi 80 ya NOx, mara nyingine zaidi, inatokana na nitrojeni ya makaa yenyewe. Hata leo, mitambo inayochoma kwa oksijeni bila hewa bado inatoa NOx.

PimaKwanza

Sawa mkuu, jaribio limeeleweka. Lakini hapo umejifunga goli. Kama NOx inatoka kwenye nitrojeni ya makaa, basi 1.3 ingetoa ndogo kuliko 1.6. Mbona imetoa kubwa?

MtuWaMwako

Swali hilo ndilo kiini cha uzi wote. Tupige hesabu kwanza.

Makaa ya zamani: kilo moja ina gramu 16 za nitrojeni. Gawa kwa megajuli 26, unapata gramu 0.62 kwa megajuli. NOx huhesabiwa kana kwamba yote ni NO2, ingawa kwenye moshi wa boila karibu asilimia 95 ni NO. Kwa hiyo zidisha kwa 46 gawa kwa 14, unapata gramu 2.02. Megajuli moja ya makaa inatoa takriban mita za ujazo 0.36 za moshi mkavu ikirekebishwa kwenye oksijeni asilimia 6. Maana yake nitrojeni yote ingegeuka NOx, chombo kingesoma karibu miligramu 5,600. Ninyi mlisoma 400. Ni asilimia 7 tu.

Makaa mapya kwa hesabu hiyo hiyo: yote yangegeuka, mngesoma karibu 4,560. Mnasoma 560. Ni asilimia 12.

Tazama namba hizo kwa makini. Akiba ya nitrojeni ilishuka kwa karibu moja ya tano, lakini sehemu inayogeuka NOx ilipanda kutoka 7 hadi 12. Na mimi hapo nimeihesabia nitrojeni ya makaa NOx yote, hata ile kidogo ya hewani, kwa hiyo asilimia halisi ni ndogo zaidi. Sehemu kubwa mno ya nitrojeni ya makaa, kwa makaa yote mawili, inatoka dohani ikiwa N2 isiyodhuru, nitrojeni ile ile ya kawaida ya hewani. Kwa hiyo kinachoamua ni namna gani nitrojeni imegawanyika njia ikiwa ndani ya mwali. Kiasi kilichoingia kina neno, lakini ni neno dogo. Nitaeleza mgawanyiko huo baada ya chakula, hauwezi kuandikwa kwa haraka.

Mdadisi

Nimekaa mkao wa kusoma. Wakati tunasubiri, naomba kuuliza: tete ni nini na kaboni thabiti ni nini? Wengine tumetoka fani nyingine.

DadaMaabara

Nijibu hili, ndiyo kazi yangu ya kila siku. Tunachukua gramu moja ya makaa yaliyosagwa, tunaiweka kwenye kikombe kidogo chenye kifuniko kinachobana, tunakiingiza kwenye tanuri la nyuzi 900 kwa dakika 7 bila kuiruhusu hewa ifike. Tunapima upya. Uzito uliopotea, ukitoa unyevu, ndio tete: gesi, mivuke na lami zilizotoka. Kilichobaki kikombeni ni kaboni thabiti pamoja na jivu. Jivu tunalipima peke yake, kaboni thabiti tunaipata kwa kutoa. Kwa hiyo kaboni thabiti haipimwi moja kwa moja, ni salio.

Lignaiti, yaani makaa machanga, ina tete nyingi, mara nyingi zaidi ya asilimia 40 ukiondoa unyevu na jivu. Bituminasi iko katikati. Anthrasaiti, makaa magumu yaliyokomaa kabisa, iko chini ya 10.

MtuWaMwako

Asante sana DadaMaabara. Sasa twende ndani ya mwali.

Chembe ya makaa ya unga ikiingia tanurini inapashwa joto kwa kasi ya makumi ya maelfu ya nyuzi kwa sekunde, hata zaidi. Ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde inatapika tete zake. Sehemu ya nitrojeni inatoka nazo, ikiwa ndani ya lami na gesi, na muda si mrefu inakuwa sianidi hidrojeni, HCN, au amonia. Makaa ya bituminasi hutoa zaidi HCN. Ya daraja la chini kama lignaiti huelekea kutoa amonia zaidi. Sehemu nyingine ya nitrojeni inabaki imenasa kwenye chari, ile chembe ngumu ya kaboni ambayo itaendelea kuungua taratibu huko juu.

Nitrojeni iliyotoka na tete iko njia panda. Ikikutana na oksijeni inakuwa NO. Ikikutana na NO nyingine mahali ambapo oksijeni ni haba, zinaungana kuwa N2. Kichomeo cha NOx ndogo kimeundwa kwa ajili ya njia panda hiyo tu. Kinabana hewa mwanzoni ili tete zitoke na kuungua kwenye ukanda wenye njaa ya oksijeni, pengine kwa asilimia 70 hadi 90 ya hewa inayohitajika, halafu hewa iliyobaki inaingizwa juu kumalizia moto. Ukibana kupita kiasi nako unaharibu: HCN na amonia zinapita zikiwa nzima, zinafika kwenye hewa ya juu na kugeuka NO huko huko.

Nitrojeni ya kwenye chari haijali hayo yote. Ndiyo kwanza imefungwa ndani. Inatoka polepole kadiri chari inavyoungua, na chari nyingi inaungulia kule ambako mmeshaingiza hewa ya nyongeza. Hapo hakuna njaa ya oksijeni. Kubana kwenu hewa chini hakuifikii, au kunaifikia kwa kiasi kidogo tu. Kinachoipunguza kidogo ni uso wa chari wenyewe, kwa sababu kaboni ya moto inaweza kunyang'anya NO oksijeni yake na kuacha N2. Chari ya makaa ya daraja la chini ina uso mpana na ni nyepesi kufanya kazi hiyo. Chari ya makaa magumu ni nzito kufanya kazi hiyo.

Sasa rudi kwenye vyeti vya ZamuYaUsiku. Gawa kaboni thabiti kwa tete. Makaa ya zamani: 48 kwa 34, ni 1.4. Mapya: 63 kwa 19, ni 3.3. Hiyo ndiyo namba niliyokuwa naitafuta tangu post ya kwanza. Kwenye makaa mapya nitrojeni nyingi zaidi inabaki kwenye chari, na vichomeo vyenu vilijengwa kushughulikia ile ya tete.

Kuna la pili, na kwa macho yangu linaweza kuwa kubwa kuliko la kwanza. Makaa ya tete 19 yanachelewa kushika moto. Mwali unasogea mbali na mdomo wa kichomeo. Katika nafasi hiyo tupu makaa yanapata muda wa kuchanganyika na hewa ya pembeni kabla hayajawaka, kwa hiyo hata zile tete chache zinakuja kuwaka zikiwa tayari na oksijeni. Ukanda wa njaa ya oksijeni unakuwepo kwenye michoro tu.

ZamuYaUsiku, ukichungulia kwenye tundu la kuangalia moto, mwali umeshika mdomo wa kichomeo au umeachia?

ZamuYaUsiku

Umeachia mkuu. Vichomeo vya safu ya chini kuna giza la kama nusu mita kabla ya kuona moto. Makaa ya zamani mwali ulikuwa umekaa mdomoni kabisa. Nimeshtuka ulivyouliza hivyo.

MtuWaMwako

Basi ushahidi unao. Na jivu jeusi linatoka huko huko: chari ni nyingi, ni nzito kuungua, na imeanza kuungua kwa kuchelewa, inafika dohani haijamalizika. Hatari iliyopo sasa ni mtu wa zamu kuona jivu jeusi akaongeza hewa. Kaboni itapungua, NOx itapanda tena.

PimaKwanza

Hapa nataka kuelewa vizuri. Kwa hiyo ile hoja ya joto ifutwe kabisa? Maana kwa maelezo yako mwali wa moto zaidi mdomoni ungesaidia.

MtuWaMwako

Isifutwe, ipewe mahali pake. Kwenye ukanda wa hewa nyingi joto kali ni baya, Zeldovich anaanza kazi. Kwenye ukanda wa mwanzo wenye njaa ya oksijeni, joto kubwa ni rafiki. Linatoa tete nyingi zaidi kutoka chembe ile ile, linatoa nitrojeni zaidi kutoka kwenye chari mapema, na linaharakisha zile reaksheni za kuifanya N2. Kwa hiyo ukiwaambia zamu washushe joto bila kusema wapi, wanaweza kupoza mahali panapotakiwa kuwaka.

Ndiyo maana pia muundo wa makaa hauna jibu moja kwa boila zote. Kwenye boila la zamani lisilobana hewa, makaa yenye tete nyingi mara nyingi hutoa NOx kubwa zaidi, kwa sababu nitrojeni inatoka mapema na kukuta oksijeni tele. Weka vichomeo vya NOx ndogo na hewa ya juu kwenye boila lile lile, makaa yale yale yanakuwa bora kuliko yote. Nimeona watu wawili wakibishana hadi kukasirikiana, kila mmoja ana vipimo vya kweli mkononi, kumbe mmoja anazungumzia boila la kubana hewa na mwingine la zamani.

DadaMaabara

Naomba niongeze upande wa maabara, kwa sababu vyeti vinasomwa vibaya.

Kwanza, zile tete tunazopima kwa nyuzi 900 kwa dakika 7 si zile zinazotoka tanurini. Ndani ya mwali, kwa kasi ile ya kupasha na joto linalopita nyuzi 1,400, makaa mengi hutoa tete zaidi ya cheti, kwa baadhi ni mara 1.3 au 1.5. Na ongezeko hilo halilingani kwa makaa yote. Kuna makaa mawili yenye tete sawa kwenye karatasi, moja likatoa zaidi sana kwenye mwali. Maabara zenye tanuri la mrija wa kudondoshea chembe zinaweza kupima hili, na mtu anayenunua makaa ya miaka mingi angefanya vema kulipia kipimo hicho.

Pili, watu wanauliza aina za nitrojeni. Ndani ya makaa nyingi iko kwenye pete za atomu tano za aina ya piroli, kati ya nusu na robo tatu hivi. Inayofuata iko kwenye pete za atomu sita za aina ya piridini, na hii huongezeka kadiri makaa yanavyokomaa kuelekea anthrasaiti. Iliyobaki ni aina ya kwatenari, hupungua kadiri makaa yanavyokomaa. Ni elimu nzuri, lakini kwa kazi ya kukadiria NOx ya boila, mimi singelipa pesa kujua hilo. Mgawanyo kati ya tete na chari unakwambia mengi zaidi.

Tatu, jivu. Ombeni uchambuzi wa jivu pia, hasa kalsiamu na chuma. Chuma kilichosambaa vizuri kwenye chari kinasaidia nitrojeni kutoka ikiwa N2. Kalsiamu ina sura mbili: inasaidia chari kuungua na kupunguza NO juu ya uso wake, lakini penye oksijeni oksidi ya kalsiamu inaweza kuisukuma amonia igeuke NO.

Mdadisi

Unyevu je? Nilidhani makaa yenye maji ni mabaya tu.

MtuWaMwako

Kwa ufanisi wa boila ni mzigo, kwa NOx unasaidia. Maji yanakula joto la mwali na hivyo kuibana njia ya Zeldovich. Makaa yenye unyevu mwingi pia huwa ya daraja la chini, yenye tete nyingi na chari nyepesi kuungua, kwa hiyo faida zinakuja pamoja.

Mfano mzuri ni Marekani. Makaa ya bonde la Powder River, majimbo ya Wyoming na Montana, ni ya daraja lililo chini ya bituminasi, na unyevu wake ni asilimia 25 hadi 30. Mitambo mingi ilihamia huko kwa sababu ya salfa kidogo baada ya sheria ya hewa safi ya 1990. NOx ikashuka pia. Boila zenye vichomeo kwenye pembe za tanuri na hewa ya juu zinaweza kukaa karibu na ratili 0.15 kwa milioni ya BTU (kipimo cha joto cha Kiingereza) zikichoma makaa hayo, ambayo kwa vipimo vyetu ni kama miligramu 185. Ujerumani nako, mitambo ya lignaiti ilifikia kikomo cha 200 kwa kupanga hewa tu, bila kifaa cha kichocheo cha kuondoa NOx kwenye moshi, wakati mitambo ya makaa magumu ililazimika kufunga vifaa hivyo.

PimaKwanza

Kama hali ni hiyo, mbona sheria zinaweka kikomo kimoja kwa wote?

MtuWaMwako

Hazikufanya hivyo zote, na hapa kuna ushahidi ninaoupenda. Kiwango cha China cha mwaka 2003 kwa mitambo ya umeme kilipanga vikomo vya NOx kwa tete za makaa. Kwa boila mpya za wakati huo, makaa yenye tete chini ya 10 yaliruhusiwa miligramu 1,100, kati ya 10 na 20 ni 650, na zaidi ya 20 ni 450. Hakuna mahali palipoulizwa asilimia ya nitrojeni. Umoja wa Ulaya nao, kwenye agizo lake la 2001, uliruhusu mitambo ya zamani ya makaa yenye tete chini ya 10 kutoa hadi 1,200 kwa muda.

China ilipotoa kiwango kipya mwaka 2011 ikashusha kuwa 100 kwa mitambo mingi, na 200 kwa boila za mwali wa umbo la W, zile zinazojengwa maalumu kwa anthrasaiti. Sasa wamekwenda hadi 50. Kwa namba hizo hakuna makaa ya mawe ya unga yanayoepuka kifaa cha kichocheo kwa uhakika.

KakaVichujio

Nimeona limetajwa suala langu. Mimi nipo upande wa kusafisha moshi.

Watu wanasema funga kichocheo, pulizia amonia kwenye nyuzi 300 hadi 400, punguza asilimia 80 hadi 90, makaa yoyote yaje. Sikubali. Muundo wa makaa unatufuata hadi huku. Kuna makaa yana aseniki, inaingia kwenye vitundu vya kichocheo na kukiua taratibu. Makaa yenye kalsiamu nyingi hufunika uso wa kichocheo kwa tabaka la salfeti ya kalsiamu. Potasiamu na sodiamu zinaua sehemu zenye uwezo wa kushika amonia. Salfa nyingi nayo: kichocheo kinageuza sehemu ya SO2, gesi ya salfa iliyoungua, kuwa SO3, ikikutana na amonia iliyopita inatengeneza chumvi inayonata, inaziba kipasha hewa. Nimesimama mbele ya kipasha hewa kilichozibwa hivyo. Vikapu vimejaa kitu cha kijivu kama nta, maji ya presha yanakigonga na hakitoki.

Kila miligramu 100 mnayozuia tanurini ni amonia ambayo sisi hatuinunui na kichocheo kinachoishi zaidi. Kwa hiyo nawaomba sana watu wa mwako msituachie yote.

Mdadisi

Na boila za kitanda cha mchanga unaoelea? Nasikia hazina NOx.

MtuWaMwako

Zinayo, ila ndogo. Zinaendeshwa kwenye nyuzi 800 hadi 900, kwa hiyo ya hewani karibu haipo, iliyopo ni ya makaa. Tatizo lake ni N2O, gesi nyingine kabisa, inayopasha dunia mara 273 ya kaboni dioksidi kwa uzito ule ule katika miaka 100. Kwenye mwali wa makaa ya unga N2O huharibiwa na joto. Kwenye joto la chini inapona. Na hapo tena makaa yanatofautiana: lignaiti hutoa N2O kidogo kuliko bituminasi. Ukipandisha joto la kitanda N2O inashuka, NO inapanda. Lina uzi wake peke yake, tusiliingize hapa.

ZamuYaUsiku

Wakuu, nimejifunza mengi kuliko semina zote. Sasa niambieni cha kufanya, kwa sababu makaa haya yako yadini na yatachomwa. Uongozi umependekeza tuchanganye nusu kwa nusu na ya zamani yaliyobaki.

MtuWaMwako

Kuchanganya kunaweza kusaidia kuwasha, lakini usitarajie wastani. Makaa yenye tete nyingi yanawahi kuwaka na kula oksijeni ya mwanzo, yale magumu yanabaki nyuma na kaboni isiyoungua inaweza kuongezeka. Halafu kuna kinu. Makaa laini yanasagika kwanza, magumu yanatoka chembe kubwa, na ndiyo hayo hayo yaliyohitaji kusagwa zaidi. Kama mna vinu vinne, ningependelea makaa ya zamani yaende vinu vya safu za chini, mapya yapande juu, kuliko kuyachanganya kabla ya kinu. Lakini hapo hapo, safu ya juu iko karibu na hewa ya nyongeza, muda wa kuungua ni mfupi. Jaribuni mipangilio yote miwili mpime.

Kabla ya hayo yote, unga wenu ukoje? Mara ya mwisho mmechekecha lini?

ZamuYaUsiku

Tumechekecha wiki hii. Kwenye chekeche la maikroni 75 ilipita asilimia 67 kwa wastani. Kinu namba 3 kilitoa 61. Kwenye chekeche la maikroni 300 yalibaki karibu 3.

MtuWaMwako

Hapo ndipo pa kuanzia, kabla hamjagusa damper (kilango cha kurekebisha hewa) hata moja. Asilimia 70 ni ya makaa yenye tete nyingi. Kwa tete 19 ningetaka angalau 80 ipite kwenye 75, na kinachobaki kwenye 300 kisizidi 1. Zile chembe kubwa ndizo zinazowapa jivu jeusi na ndizo zinazochelewesha mwali. Unga laini unapata joto haraka, unatoa tete mapema, mwali unarudi mdomoni, na ukanda wa njaa ya oksijeni unapata nafasi ya kufanya kazi.

Kazeni kichambuzi cha kinu, kile kinachorudisha chembe kubwa zisagwe tena, hatua moja moja, mkiangalia ampea za mota na kiwango cha makaa ndani ya kinu. Mtapoteza uwezo kidogo. Kinu namba 3 kikaguliwe magurudumu, 61 si ya mpangilio, ni uchakavu. Makaa yenye tete chache yanaruhusu pia mchanganyiko utoke kinuni ukiwa na joto zaidi, maana hatari ya kuwaka humo ni ndogo. Pandisheni ndani ya kikomo cha mtengenezaji, na punguzeni hewa ya kusukumia makaa hadi kiwango cha chini kinachozuia unga kutuama kwenye mabomba.

DadaMaabara

Na mkishafanya, pimeni vitu vyote kwa pamoja: NOx, CO (kaboni monoksidi), oksijeni ya kutokea, na jivu lililochukuliwa saa ile ile, mzigo ukiwa umetulia. Sampuli ya jivu ya asubuhi na NOx ya jioni hazimthibitishii mtu kitu. Chukueni kwenye viwango vitatu vya oksijeni, kwa mfano 3, 3.5 na 4. Ukiweka vituo hivyo vitatu vya makaa ya zamani na vitatu vya mapya kwenye grafu moja, NOx upande mmoja na kaboni ya kwenye jivu upande mwingine, uongozi utaona kwamba ni mistari miwili tofauti. Zamu ina uwezo wa kutembea juu ya mstari. Mstari wenyewe unapangwa na makaa, vinu na vichomeo.

ZamuYaUsiku

Nimeelewa. Kichambuzi cha kinu namba 1 tunakikaza zamu ya kesho, namba 3 nimeiandikia ombi la ukaguzi. Vipimo vya oksijeni tatu nitavileta hapa hapa vikiwa na cheti cha makaa ya siku hiyo.

MtuWaMwako

Leta na picha ya mwali wa safu ya chini, kabla na baada. Na mwambie mnunuzi wa makaa kwamba kwenye mkataba unaofuata, pamoja na nitrojeni na salfa, aweke kikomo cha kaboni thabiti kwa tete.